Birika Lisilochemshiwa Chai

Nyumbani kwetu Ibra, Oman, kulikuwa na birika ambalo halikuwahi kuchemshiwa chai, na sisi watoto tulijifunza mapema kutouliza kwa nini. Lilikaa juu ya kabati la mama, limefungwa ndani ya kanga kuukuu, fundo kwa juu. Siku likiteremshwa, ujue kuna mwanamke amekufa.

Wakati huo Wazanzibari wa Ibra na vijiji vya jirani walikuwa wakijuana wote. Mwanamke wao akifariki, gari ilisimama mlangoni, mama akavaa buibui, akachukua birika, kafuri na majani makavu ya mkunazi, akaondoka bila kuaga vizuri. Akirudi alioga, akaswali, akakaa kimya. Ukimuuliza nani amekufa, alikwambia. Ukiuliza zaidi ya hapo, alikukata jicho mpaka ukajuta kuzaliwa na ulimi. Mwosha maiti hasemi alichokiona, ndivyo alivyofunzwa na bibi yake, na mama akaitanua amri hiyo mpaka ikalifunika na birika lenyewe. Mdogo wangu, ndugu yangu wa kiume wa pekee, alikua nyumba moja na kitu kile, akasoma, akaoa, na hakujua kazi yake. Mambo ya maiti wa kike hayakumhusu, na hakuna aliyejisumbua kumhusisha.

Mimi nilijua kwa sababu nilipewa kazi ya kulisugua. Nje kwa ukwaju na majivu, ndani kwa maji matupu na kitambaa. "Ndani usisugue, utaliondoa bati," mama alisema, na hayo ndiyo mafunzo yote niliyopata kwake juu ya birika lile. Nilikuwa na umri wa kujiongeza mwenyewe, nikajiongeza, nikaliogopa. Nikilisugua nilikuwa nikitazama pembeni.

Lakini hata mwoga ana macho. Birika lenyewe lilikuwa zuri, zuri la kukera, na halikuwa la Unguja wala la Oman. Lilikuwa la Kimarekani. Bibi yake mama alilinunua mnadani huko Shangani, vitu vya nyumba ya mfanyabiashara wa Kimarekani vilipouzwa baada ya mwenyewe kurudi kwao, na hata siku hiyo lilikuwa tayari la zamani. Aliyelifua hakuwa na mashine. Ukiligeuza juani uliona alama za nyundo ubavuni, ndogo ndogo, zimelaliana kama magamba ya samaki. Alikuwa amelizungusha bamba la shaba nyekundu, na pale ncha mbili zilipokutana akazikata meno, meno ya huku yakaingia kwenye mapengo ya kule, kisha akaziunga kwa shaba ya manjano iliyoyeyushwa na kuzigonga. Ukipitisha kidole ulihisi ulaini tu, lakini jicho liliuona mstari wa meno ya manjano ukiteremka mpaka kitakoni. Mdomo ulipinda kama shingo ya bata. Mkono wake ulikuwa wa kulala na kusimama, na juu yake fundi alikuwa amegonga jina lake kwa herufi za Kizungu, ambazo viganja vya watu vilikuwa vimezila mpaka zilizobaki hazikusomeka.

Nimemfikiria sana fundi huyo. Alilitengeneza birika ili mama mmoja wa nchi ya baridi apate maji ya moto asubuhi, awape watu wake chai. Angejuaje? Bibi yake mama tayari alikuwa na birika la chai. Hili alilipeleka kwa mafundi wa Unguja likatiwa bati ndani, kisha akaliweka wakfu: liwaoshee wanawake wa mtaa wetu waliokufa, mwenye nacho na asiye nacho, muungwana na mtumwa, wote kwa birika moja. Tangu siku hiyo halikuwa mali ya mtu. Aliyekaa nalo alikaa na amana tu.

Ndiyo maana lilikuja Oman. Tulipoondoka Unguja kila mtu alibeba alichoweza kubeba mkononi, na baba, Mungu amrehemu, alimkuta mama anafunga fundo la kanga.

"Watu wanabeba dhahabu, wewe wabeba birika?"

"Dhahabu yangu," mama alimjibu, "naweza kuiacha. Hili si langu."

Hadithi hiyo baba aliisimulia kwa kucheka mpaka uzeeni. Mama hakucheka hata mara moja.

Kisha miaka ikageuka. Msikiti ulijenga chumba cha kuoshea maiti, marumaru kutoka chini hadi juu, meza ya chuma, bomba la maji ya moto na la baridi, mpira mrefu umening'inia ukutani. Magoti ya mama yalikataa kupiga chini. Jicho moja likaingia ukungu. Wanawake walioijua kazi wakafa mmoja mmoja, wakaoshwa na mama, na aliyebaki akawa mama. Birika likashuka kabatini likaenda stoo, nyuma ya magunia ya mchele na mashine ya kushonea iliyovunjika, na kanga yake ikaliwa na panya.

Sasa nimtie humu wifi yangu, mke wa mdogo wangu. Ni mtu wa Nizwa, mwanamke mwema, mchapakazi, na ananitia wazimu. Yeye na mume wake walinunua nyumba ya udongo katika mtaa wa kale, ndani ya ukuta, wakaitengeneza ikawa nyumba ya wageni. Ukiingia humo kila kitu kilichokuwa jikoni kwa bibi zetu kimepanda ukutani. Vinu, masinia, dele za kahawa, mizani ya tende. Mlango wa banda la mbuzi umelazwa ukawa meza, na watu wanalipa ili wale juu yake. Mimi nilifundisha shule miaka mingi na nina hasira za karibu, na kila nikienda kwake nilijiambia, leo utanyamaza. Sikuwahi kunyamaza. Lakini nikiri, mikono yake ilikuwa na heshima kwa vitu. Hakuna alichokitoboa, hakuna alichokipaka rangi.

Mama alipolazwa kwa ajili ya magoti, nikawa mimi hospitali naye, wifi alifika Ibra kusafisha nyumba. Alisafisha kwelikweli. Stoo ilibaki nyeupe. Nilimshukuru kwa simu na sikuuliza alichotoka nacho. Ningeulizaje? Nilijua anachukua vyungu, nikasema achukue, panya watapata nafasi.

Mwaka uliofuata binti yao aliposwa. Huyo mtoto ndiye moyo wa familia yetu, nasema bila aibu, na wengine wanisamehe. Kiswahili chake kinachechemea, anakuvurugia ngeli mpaka sikio linauma, lakini ndiye aliyekuwa akimpigia bibi yake simu kila siku baada ya alasiri, hata kama hana la kusema. Kijana aliyemtaka alikuwa anafanya kazi ya uhandisi karibu na Sur, kijana mpole, nao walipendana kwa namna ambayo ilikuwa wazi kwa kila mtu na sote tulijifanya hatuioni. Tatizo lilikuwa bibi yake kijana.

Bibi wa Sur, ndivyo tulivyomwita, alikuwa wa mtaa wetu ule ule wa Unguja, mkubwa kidogo kuliko mama. Kijana alilelewa naye na asingeoa pasipo neno lake. Bibi huyo aliamini ndege mbaya, nuksi, dalili. Mjukuu wake mwingine alipoposa kwa watu wa Bidiya, kioo kilianguka ukutani wakati Fatiha inasomwa. Bibi akaokota mtandio wake, akasema, "Haya, twendeni," na posa ikafia hapo hapo na halwa haijaonjwa. Kijana yule mpaka leo hajaoa. Kwa hiyo siku ya Bibi wa Sur kuja Nizwa kupokea jawabu, sote tuliamka tumejikaza. Nilimwambia wifi kwa simu, "Ondoa vitu vyote vya kuanguka."

"Wallahi wifi, nimeondoa mpaka saa ya ukutani."

Wageni waliondoka Sur alfajiri, wakapita Bidiya na Al Qabil. Mimi, mama na dada wa kazi, mtu wa Tanga anayemtunza mama, tuliondoka Ibra asubuhi. Njia nzima mama alivuta tasbihi. Tulipofika Izki akaniuliza kama kuna mawingu. Nikamwambia hakuna. Akasema afadhali.

Wanawake tulikaa chumba cha juu, kirefu, mito ukutani pande zote. Udi ulikuwa umeshafukizwa. Bibi wa Sur aliingia kwa fimbo, mdogo wa umbo, kanga juu ya buibui kama zamani, macho makali yasiyokosa kitu. Nikamwendea.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Mamako yuko wapi? Niwekeni karibu naye, hawa wengine siwajui."

Akawekwa karibu na mama. Wazee wawili wakashikana mikono wakaanza kuulizana waliokufa, kama wafanyavyo, na mimi nikashusha pumzi kidogo. Halwa ilizunguka. Kahawa ilizunguka. Binti yetu aliingia, nguo ya kijani, macho chini, akambusu Bibi wa Sur mkono na paji la uso. Bibi akamshika kidevu, akamtazama muda mrefu, akasema, "Mashaallah. Kaa." Neno moja hilo, lakini ndugu wa kijana walitazamana wakatabasamu. Kilichobaki ilikuwa Fatiha tu.

Hapo wifi akapiga makofi. "Yallah, sasa chai yetu. Hii mimi nimeweka maalumu kwa leo."

Dada wa Tanga akaingia na sinia, na juu ya sinia lilikuwa birika.

Sikulitambua mara moja, kwa kuwa sikuwahi kuliona linang'aa vile. Lilikuwa jekundu kama kaa la moto. Kisha nikaona meno ya manjano yakiteremka ubavuni. Mvuke wa iliki na maziwa ulikuwa unatoka kwenye mdomo ule uliopinda.

"Hii antiki," wifi alisema, simu mkononi anapiga picha. "Ilikuwa stoo kwa mama, imetupwa! Mgeni wetu mmoja, mwanamke wa Marekani, ameigeuza, ametazama hapa pembeni, ameanza kulia. Anasema kwao hii wanaweka kwenye kabati ya kioo. Kazi ya mkono, miaka mia mbili na zaidi. Mimi nimetia bati mpya kwa fundi wa souk, ndani safi, khalas, nikasema chai ya kwanza tutakunywa siku ya binti yangu."

Wanawake wakasema mashaallah. Nikamtazama mama. Hata jicho lake zima halikufika upande wa pili wa chumba. Lakini dada wa Tanga alipoliweka sinia chini, mkono wa birika ulilala ubavuni, ukagonga, na tasbihi ya mama ikasimama kati ya vidole. Alikuwa amelijua kwa mlio.

Naomba msomaji anielewe. Kwa sheria ya dini, kwa upande wa usafi, hapakuwa na neno. Birika lile halikumgusa maiti, lilimimina maji tu, na lilikuwa safi kuliko vikombe vyangu vya nyumbani. Lakini nani atasimama mbele ya Bibi wa Sur, aliyevunja posa kwa kioo, amwelezee sheria? Wengi wa wazee wa kike wa mtaa wao walioshwa kwa birika hili. Akilitambua, chai ya posa ya mjukuu wake imemiminwa kutoka kwenye chombo cha maiti, na hapo hata malaika hawaiokoi ndoa ile.

Nikamwendea wifi, nikamnong'oneza, "Liondoe birika."

"Eish? Kwa nini?"

"Liondoe tu. Nitakwambia jikoni."

Akanivuta pembeni, uso umebadilika. "Wifi, najua sikuomba ruhusa. Nitairudisha Ibra, wallahi nitairudisha. Si leo. Leo usinifedheheshe mbele ya watu."

Angalia balaa! Aliona nina choyo cha shaba. Ningemwambia neno lile, hapo, kwa sauti gani? Pembeni yetu walikuwa shangazi wawili wa kijana, masikio yamesimama. Nikafikiri kujikwaa na kulipindua sinia. Kisha nikakumbuka kwamba kwa Bibi wa Sur maziwa kumwagika ni nuksi pia, tena ya wazi zaidi. Nikabaki sina pa kutokea. Basi nikamnyang'anya dada wa Tanga kazi yake. "Lete, nitamimina mimi," nikasema. Nikaanza kutoka mlangoni, upande wa wasichana, nikimimina vikombe mpaka juu, nia yangu birika liishe kabla sijawafikia wazee.

Hakuna kitu kibaya zaidi ambacho ningeweza kufanya. Kwetu mtoto wa miaka sita anajua kwamba chai huanzia kwa mkubwa. Nilimiminia wasichana, nikawamiminia majirani, nikawamiminia shangazi wa kijana, na kila kikombe kilichopita chumba kilizidi kunyamaza, mpaka ukasikia chai yenyewe ikiingia. Wifi alikuwa amefunika mdomo. Binti yetu alinitazama kama ananiuliza nimekuwaje. Birika lile zito halikwisha, utasema lina kisima.

"Wewe mtoto," Bibi wa Sur akasema. Mimi, mtoto, nimeshastaafu. "Wenzangu wanakunywa, mie nimekukosea nini?"

Miguu ilinipeleka yenyewe. Nikapiga magoti mbele yake, nikaelekeza mdomo wa birika kwenye kikombe, ukagongana na ukingo wake, kidogo tu. Akanishika kifundo kunituliza. Kisha mkono wake ukauacha wangu ukaenda kwenye shaba. Akapitisha kidole gumba kwenye mshono, juu mpaka chini, taratibu. Akakisimamisha kishikio akapapasa juu yake pale palipogongwa jina.

"Birika hili nalijua," akasema.

Akamgeukia mama.

"Bi mkubwa. Ndilo?"

Nilimwomba Mungu mama aseme uongo. Sijawahi kuomba hivyo kabla wala baada. Mama akafunga tasbihi ndani ya kiganja.

"Ndilo," akasema.

"Ndilo nini?" wifi akauliza, sauti nyembamba. "Mama, ndilo nini?"

Mama akamjibu bila kugeuka, kama mtu anayetumbua jipu. "Wakfu wa bibi yangu. Wanawake wetu wakifa, twawaoshea hilo."

Jirani mmoja akalifasiri neno hilo kwa Kiarabu, na lilizunguka chumba haraka kuliko chai. Vikombe vikawekwa chini, kimoja, kingine, vyote. Shangazi mmoja wa kijana alitoka mbio mkono mdomoni. Wifi alikaa sakafuni pale pale alipokuwa, nguo nzuri imemkunjamana, akawa analia na kurudia, "Sikujua, sikujua, nani aliniambia?" Na alikuwa na haki. Nani alimwambia? Binti yetu hakulia. Uso wake ulikauka tu, na ndio ulionichoma kuliko kilio cha mama yake.

"Asilaumiwe," mama akasema. "Mie ndie niliyenyamaza. Nilifunzwa kusitiri, nikasitiri na lisilokuwa la kusitiriwa. Sikuwaonesha watoto wala mke wa mwanangu. Niliona wataliogopa. Amana ya watu nimeiacha na panya."

Bibi wa Sur hakumsikiliza. Alikuwa bado na mkono juu ya birika. Nilisubiri aokote mtandio. Nilikuwa nimeshaliona neno "twendeni" likitoka mdomoni mwake, nimeshaona gari zinarudi Ibra, Al Qabil, Bidiya, mpaka Sur, na mtoto wetu amebaki kwenye ngazi na nguo yake ya kijani.

"Mamangu alioshwa kwa hili," akasema. "Nilikuwa nimesimama mlangoni, mwari, nayasikia maji. Na dada yangu mkubwa. Nilidhani limebaki huko, limepotea na yaliyopotea." Akakirudisha kidole kwenye mshono. "Dada yangu mdogo amefia Maskati, juzi juzi. Hospitali. Nilipofika wameshamwosha, watu wasiomjua, kwa mpira. Mpira! Kama waosha gari. Nikauliza nani aliyemmiminia, wakanitazama tu. Tangu siku hiyo nikilala naona mpira ule."

Akainua uso, macho yale makali yakatuzunguka sote.

"Nani anayeosha kwenu siku hizi?"

Akamwonesha mama kwa kidevu.

"Yeye magoti hana. Akifa yeye, nani?"

Nilitaka kusema mimi. Ingekuwa uongo. Nilichojua ni kulisugua nje.

"Basi nyie tulizeni vilio vyenu," Bibi akasema. "Ndege mbaya nazijua mie, si hii. Nimekuja kutafuta mke wa mjukuu wangu, na huku nyuma natafuta mtu atakayenimiminia maji. Mwosha huoshwa, na asiyejua kuosha je? Mwiteni msichana."

Binti yetu akaja, akapiga magoti pembeni yangu. Nilisikia pumzi yake.

"Mimi n'takufa," Bibi wa Sur alimwambia, kwa upole ambao sikuutarajia. "Si leo, Mungu akipenda. Siku hiyo sitaki mpira. Nataka hili, na mkono wa mtu wangu. Utaweza?"

Chumba kizima kilimwinamia. Mtoto wa kizazi chake, aliyesoma kwa Kiingereza, anayeogopa mende. Aligusa mkono wa birika kwa ncha ya kidole.

"Mimi naogopa, bibi," akasema. Kiswahili chake kilikuwa kinavunjika vipande. "Wallahi naogopa sana. Lakini kama mtu atanifundisha... nitaweza. Lazima mtu anifundishe."

"Umesikia?" Bibi akamwambia mama. "Anaogopa. Asiyeogopa simtaki. Haya, posa yangu imejibiwa. Fatiha baadaye."

Mama alinyoosha mkono nimwinue. Ninajua uzito wa mama yangu, siku ile ulikuwa nusu. Alimwambia dada wa Tanga akaimwage chai, alisuuze birika mara tatu, alijaze maji ya uvuguvugu, alete na bakuli. Wifi aliinuka, uso umelowa, akaenda kuleta bakuli mwenyewe. Bibi wa Sur alikunja mikono ya nguo yake mpaka kwenye kiwiko. Mkono mwembamba, mishipa juu, madoa ya uzee.

Mama akasimama nyuma ya binti yetu, akamwinamia, akaweka viganja vyake juu ya viganja vya mtoto, mkono wa birika kati yao.

"Kulia kwanza," akasema. "Siku zote kulia. Inamisha kidogo. Siyo hivyo, utamrukia. Maji yaanguke karibu na mwili. Usimshitue, hata kama hawezi kukwambia umemshitua."

Maji yakatoka kwenye mdomo ule uliopinda, uzi mmoja mwembamba, yakapita kwenye mkono wa mtu aliye hai yakaingia kwenye bakuli. Bibi wa Sur alifumba macho.

Nilipaswa kufurahi. Nilifurahi, lakini kabla ya furaha niliona wivu, wivu mkavu wa mtoto mdogo. Mama hakuwahi kuweka viganja vyake juu ya vyangu namna ile. Miaka yote nilisugua nje ya birika nikitazama pembeni, na hakuna aliyeniita ndani. Machozi yalinitoka, na kila aliyeniona alidhani ni ya posa.

Sijui mama aliona nini kwa jicho lake moja. Aliichukua kanga yake begani akanitupia.

"Na wewe usikae bure," akasema. "Anayemwagiwa hukaushwa. Kausha."

Nikasogea kwa magoti, nikaupokea mkono wa Bibi wa Sur ndani ya kanga, nikamkausha kidole kimoja kimoja kama mama alivyonielekeza, bila kusugua, nikibonyeza tu. Hakufumbua macho. Mkono ulikuwa na joto.